Kocha mpya kaanza kwa kupigwa, tumvumilie mpaka lini?

Wiki hii karibu barua zote ni za mpira na nyingi zimeandikwa kwa hasira, kwa hiyo nimeamua safu nzima iende huko huko. Majina ya watu na timu nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

SWALI (Arua): Ndugu mwandishi, salamu. Mimi ni shabiki wa timu ya hapa kwetu toka utotoni, baba yangu ndo alinianzisha. Msimu huu tumeletewa kocha mpya, mechi tano za kwanza tumepigwa tatu, droo mbili, ushindi hakuna. Jumamosi watu waliimba aondoke, halafu wengine wakalisubiri basi la timu pale getini, na mimi nilikuwepo, sikurusha kitu ila kelele nilipiga. Rafiki zangu wanasema apewe mechi kumi, mwenyekiti wa mashabiki anasema mpaka Krismasi, mimi sijui nimsikilize nani. Naomba unitajie namba, mechi ngapi zinatosha mtu aseme huyu hatufai?

JIBU: Ndugu yangu, namba sitakutajia. Nikikupa namba utaanza kuhesabu na mpira wenyewe hutautazama, na hiyo ndo shida ya viwanja vyetu sasa hivi, mtu anaujua msimamo wa ligi kwa kichwa kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho lakini ukimuuliza lile goli la pili liliingiaje anakwambia mabeki wetu hovyo, basi, kamaliza.

Hebu tuanze na kitu ambacho wote tulikiona, maana Arua na Arsenal nawajua. Agosti 2021 Arteta, kocha wao, alianza ligi hivi: Brentford mbili bila, Chelsea mbili bila tena nyumbani, Man City tano bila. Mechi tatu, pointi hakuna, goli hakuna, timu iko mkiani kabisa. Vibandani tunakotazamia mpira watu walikuwa washamzika yule jamaa, na wala hakuwa mgeni, alikuwepo toka Desemba 2019 na msimu uliotangulia alimaliza wa nane. Ukitazama matokeo tu ungemfukuza usiku ule ule wa City. Ila tazama nani alikuwa uwanjani siku zile. Ben White alicheza na Brentford halafu akapata korona, mechi mbili zilizofuata hayupo. Gabriel alikuwa bado hajapona. Ramsdale kashasajiliwa lakini golini anasimama Leno. Tomiyasu hata hajafika, walimchukua siku ya mwisho ya dirisha la usajili. Na pale City Xhaka akala kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Mechi ya nne, na Norwich, ndo kwa mara ya kwanza ukamuona Ramsdale golini, Tomiyasu kulia, White na Gabriel katikati, wakashinda moja bila, goli la Aubameyang la karibu kabisa na mstari, goli ambalo huwezi hata kumuonyesha mtu. Lakini kuanzia pale mambo yakabadilika, msimu ukaisha wakiwa wa tano, na misimu mitatu iliyofuata wakawa wa pili, wa pili, wa pili. Waliotaka atoke mwezi Agosti walikuwa wanasoma jedwali wakati timu yenyewe aliyoitaka kocha haijaingia uwanjani.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako ndo hilo: timu aliyoitaka kocha wenu imeshacheza pamoja? Maana kwa ligi yetu mambo ni magumu kuliko kule. Mara nyingi kocha anapewa kazi ligi ikiwa inakaribia kuanza, wachezaji wazuri wawili watatu wameshaondoka, waliobaki wanadai mishahara, uwanja wa mazoezi wanagawana na shule. Msidhani mishahara ni jambo dogo, Micho mwenyewe, kocha aliyeirudisha Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, Afcon, aliondoka Julai 2017 kwa sababu ya mishahara ambayo hakulipwa. Kama huko juu kabisa ilifika hapo, basi kwenye klabu ya mkoani ulizia kwanza wachezaji wamelipwa lini, kabla hujauliza kwa nini winga harudi kukaba. Mchezaji ambaye mwenye nyumba anamgongea mlango asubuhi, jioni hawezi kukimbia vile unavyotaka wewe.

Na ratiba pia. Kutoka Arua mpaka Kampala ni kilomita karibu 500. Katika zile mechi tano, ngapi mlicheza ugenini, mlisafiri lini, mlilala wapi? Timu iliyoshuka kwenye basi usiku wa manane ikacheza kesho yake saa kumi na jua lile, ikapigwa moja bila dakika ya 88, mimi siwezi kuiweka fungu moja na timu iliyopigwa tatu bila nyumbani na timu iliyopanda daraja juzi. Kwenye jedwali zote ni pointi sifuri, ila zina habari tofauti kabisa.

Sasa nikupe kazi, na hii kazi nimeiona ikifanywa na mzee mmoja pale uwanja wa Lugogo, Kampala, shabiki wa miaka mingi, anakuja na daftari la shule, lile la kurasa 96, na kalamu ya bluu kaifunga na uzi. Kila goli wanalofungwa anaandika mstari mmoja: dakika, upande gani, limetokana na nini, kona, faulo, mpira uliopotezwa katikati, krosi, kipa. Haandiki nani wa kulaumiwa. Baada ya mechi sita saba ukifungua ukurasa ule unaona mambo ambayo kwenye kelele za uwanjani huwezi kuyaona. Magoli matatu kati ya saba yameingia kwa kona, nguzo ya mbali, mtu hajakabwa. Ukaenda mechi nne zinazofuata, kona zinapigwa, hakuna goli la kona tena, ila sasa mnafungwa kwa kaunta, yale mashambulizi ya ghafla, kwa sababu mabeki wa pembeni wamepanda. Huyo kocha anafanya kazi, ndugu yangu. Bado anapigwa lakini makosa yanabadilika, tatizo moja limefungwa limetokea lingine, na timu inayojengwa ndo inavyokuwa. Sasa kama ukurasa wa kwanza ni kona nguzo ya mbali, ukurasa wa pili kona nguzo ya mbali, na mwezi wa tatu bado kona nguzo ya mbali na bado anayekaba pale ni yule yule mfupi, hapo hata kama mmedroo mbili mkashinda moja mimi nitakwambia muanze kuwa na wasiwasi.

Mambo mengine ya kuangalia ni wachezaji. Wakifungwa goli la kwanza wanafanya nini? Wanakusanyana, wanagombana, au kila mtu anaangalia chini? Dakika ya 80 bado wanakimbia? Kocha akihojiwa redioni anasema sisi, au anasema wao? Kocha anayewataja wachezaji wake majina mbele ya maiki baada ya mechi tano tu, mimi huyo simuamini, kwa sababu chumba cha kubadilishia nguo kikishampotea hakirudi, na hapo uongozi usingoje Krismasi wala mechi ya kumi.

Halafu ile ya getini. Nimekuelewa, uchungu wa timu ya nyumbani ni uchungu wa kweli, na kuimba uwanjani kwamba hujaridhika ni haki yako, umelipa kiingilio. Lakini basi lina vijana wa miaka 19 na 20 ndani, na wengine ni watoto wa mtaa wenu. Wakiona giza linaingia na watu wamezunguka basi, mechi ijayo nyumbani hakuna atakayetaka kuomba mpira, kila mtu atapiga mbele aondoe lawama, na nyinyi mtasema kocha hana staili. Mkitaka majibu tumeni watu watatu kwa uongozi katikati ya wiki, muulize mambo mawili, wachezaji wamelipwa mpaka mwezi gani, na kocha aliahidiwa nini wakati anasaini. Majibu yake yatawaambia zaidi kuliko kelele ya getini.

SWALI (Bombo): Mzee wangu, hapa kibandani kwetu kila kocha wa Man U akianza vibaya lazima mtu atasema hata Ferguson alisubiriwa. Nimechoka. Mimi ni Man U damu lakini mpaka lini tutaambiwa Ferguson? Ni kweli alianza vibaya hivyo au watu wanaongeza chumvi?

JIBU: Ni kweli, na chumvi haijaongezwa sana. Alifika Novemba 1986 timu ikiwa ya pili kutoka mkiani, mechi yake ya kwanza akapigwa mbili bila na Oxford. Msimu ule akamaliza wa 11, uliofuata wa pili, halafu wa 11 tena, halafu wa 13. Septemba 1989 City walimfunga tano moja, na Desemba ile shabiki akaingia Old Trafford na bango la kumuaga, limeandikwa miaka mitatu ya visingizio. Januari 1990 wakaenda Nottingham Forest Kombe la FA, Mark Robins akafunga goli moja, wakapita, na mwezi Mei kombe likawa lao. Ubingwa wa ligi ulikuja 1993, miaka sita na nusu toka aanze.

Ila wanaomtaja Ferguson vibandani wanaruka sehemu mbili. Ya kwanza, hakuokotwa. Alipokuwa Aberdeen alichukua ligi ya Scotland mara tatu na mwaka 1983 akawapiga Real Madrid fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, kwa hiyo waliompa kazi walijua anaweza, walichokuwa wanasubiri ni kama ataweza pale. Ya pili, katika ile miaka mibaya kulikuwa na kitu cha kukionyesha. Alitengeneza upya kazi ya kutafuta watoto, Giggs akachukuliwa akiwa kijana mdogo kabisa, na mwaka 1992 wale watoto, Beckham, Butt, Gary Neville na Giggs mwenyewe, wakabeba Kombe la FA la vijana. Mtu aliyekuwa anafuata timu ya vijana alijua kuna kitu kinakuja hata kama timu kubwa inapigwa. Kwa hiyo kibandani kwenu mtu akisema Ferguson, muulize, na huyu wa sasa kitu chake cha kuonyesha kiko wapi? Akikuonyesha, mvumilieni. Akikosa la kusema basi hiyo hadithi ya Ferguson aiweke chini.

Na mwanzo mbaya wenyewe hausemi sana, kwa upande wowote. Ten Hag, kocha wenu wa 2022, alianza kwa kupigwa nyumbani na Brighton, halafu Brentford wakamla nne bila, dunia nzima ikacheka, na msimu ukaisha ni wa tatu na kombe la Carabao mkononi. Tukasema huyu ndo mwenyewe. Msimu wa pili akamaliza wa nane, Kombe la FA akachukua, na Oktoba 2024 akafukuzwa. Amorim akaja na mabeki watatu nyuma, akapigwa na mabeki watatu nyuma, akamaliza ligi ya 2024/25 nafasi ya 15 na pointi 42, wakampa msimu mwingine, akaanza tena na mabeki watatu nyuma, na Januari 2026 wakaachana naye. Pale uvumilivu ulikuwepo, tena mwingi. Kilichokosekana ni kuona kosa la mwezi wa kwanza halipo mwezi wa sita.

Na kwa haki lazima niseme, kufukuza kocha saa zingine kunalipa, tusidanganyane. Yanga Novemba 2024 walipigwa na Azam moja bila, halafu Tabora United tatu moja, wakamuondoa Gamondi, akaja Ramovic, naye akaondoka katikati ya msimu, akaja Hamdi, makocha watatu msimu mmoja, na ubingwa wakachukua. Simba nao Novemba 2023 walikula tano moja kwa Yanga wakamfukuza Robertinho, huyu tunamjua vizuri hapa, ndo aliyewapeleka Vipers, klabu ya hapa Uganda, makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kuwatoa TP Mazembe kwa penati, wakabadilisha kocha na kocha tena na mpaka 2025 ubingwa bado ulikuwa unaenda Jangwani, kwa Yanga. Klabu zote mbili zilifukuza. Kwa maoni yangu tofauti ilikuwa kikosi, Yanga walibadilisha mtu wa benchi lakini wachezaji walikuwa wale wale waliozoeana miaka, kocha yeyote mwenye akili angewapanga wakashinda. Simba walikuwa wanajenga kikosi kila msimu na kubadilisha mjenzi kila msimu. Kwa hiyo kabla ya kusema kocha atoke angalia kwanza nyuma yake kuna nini.

SWALI (Kisenyi, Kampala): Kwa nini kocha akiwa mzungu tunampa muda, akiwa Mganda mechi tatu tu tunaanza kutukana? Mimi inaniuma sana hii.

JIBU: Hata mimi inaniuma, ndugu, na sina jibu refu. CHAN ya Agosti 2025, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa hapa nyumbani, timu ilikuwa chini ya Morley Byekwaso na Fred Muhumuza, wote wa hapa hapa. Mechi ya kwanza, uwanja wa Namboole, Algeria wakatufunga tatu bila. Kumbuka matusi ya siku zile mitandaoni, watu walitaka wabadilishwe mashindano yakiendelea! Siku nne baadaye wakaifunga Guinea tatu bila, Niger mbili bila, wakadroo tatu tatu na South Africa kwa zile penati za mwisho, na kwa mara ya kwanza Uganda ikavuka makundi ya CHAN. Robo fainali Senegal wakatutoa kwa goli moja. Na Mike Mutebi je? Kocha wa hapa, KCCA yake mwaka 2018 ikawa timu ya kwanza ya Uganda kucheza makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Sasa linganisha na Micho, mzungu wa Serbia. Novemba 2014 aliipiga Ghana moja bila hapa Kampala, siku chache baadaye akaenda Casablanca kucheza na Guinea akapigwa mbili bila, Afcon ikatuponyoka pale mlangoni. FUFA, shirikisho letu la mpira, hawakumfukuza, na walifanya vizuri, kwa sababu ile timu kila mtu aliiona inakaribia. Septemba 2016 goli la Farouk Miya dhidi ya Comoros likatupeleka Afcon, mara ya mwisho ilikuwa 1978. Subira ile ile aliyopewa Micho baada ya Casablanca, Byekwaso na wenzake walistahili kupewa baada ya Algeria, na wengi wetu hatukuwapa. Mashabiki wenzangu hilo tuliangalie.

SWALI (Jinja): Dada au kaka, mimi si shabiki ila naishi na shabiki. Mume wangu timu yake ikifungwa haongei na mtu siku mbili, watoto wanajificha chumbani. Toka kocha mpya aje imezidi, kila wikendi ni hasira. Majuzi nikagundua ana beti, na hela ya karo ya muhula huu haijatimia. Nikimuuliza anasema tatizo ni kocha. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, pole, na nimefurahi umeandika. Kocha hana kosa hapo nyumbani kwako. Mwanaume anayekaa kimya siku mbili kwa sababu ya mpira peke yake yupo, nawajua, lakini akiwa amepoteza hela ya karo kile kimya kina sababu nyingine, ana aibu na ana hofu, na kila mechi anatafuta kurudisha kilichopotea. Timu inayoanza msimu vibaya ndo mtego mkubwa kwake, kwa sababu shabiki anaendelea kuiwekea timu yake hela akiamini wiki hii lazima ishinde, na wenye beti wanamjua mtu huyo kuliko anavyojijua. Hapa kwetu sheria ya 2016 imeweka umri wa kubeti uwe kuanzia miaka 25, lakini kwa mtu mzima wa miaka 40 mwenye watoto hakuna sheria itakayomzuia, hapo ni nyinyi wawili.

Usimuongeleshe Jumamosi usiku wala Jumapili. Ngoja Jumanne au Jumatano, watoto wamelala, umwambie mambo mawili tu, watoto wanamuogopa, na karo imepungua kiasi fulani, umtajie kiasi chenyewe. Mpira usiuguse, kocha usimtaje, timu yake usiiseme vibaya, maana ukifungua mlango huo ataingia hapo hapo mtabishana fomesheni mpaka asubuhi. Muombe hela ya shule ilipwe shuleni siku ile ile anayopata, kabla ya wikendi, hata kama ni kidogo kidogo, shule nyingi zinapokea. Kama ana kaka au rafiki ambaye anamheshimu na yeye hacheki na beti, mtafute. Na kama hasira yake imeshafika mkononi, au unaona itafika, hapo usingoje Jumanne, nenda kwa mwenyekiti wa LC, yaani wa baraza la mtaa, nenda polisi dawati la familia na watoto, na kwa mambo ya watoto kuna Sauti, simu ya msaada kwa watoto, namba 116, kupiga ni bure.

Na kama wewe mzee unaisoma hii hapo nyumbani Jinja na umejijua, ongea na mama watoto leo.

SWALI (Mbale): Mwalimu, mimi nina miaka 24, nimepewa timu ya shule ya sekondari kuifundisha, ndo kazi yangu ya kwanza. Tumecheza mechi tatu tumepigwa zote. Wazazi wanasema mimi ni mtoto, mwalimu mkuu ananiangalia vibaya, wanafunzi wenyewe wanataka kocha wa zamani arudi. Nimeanza kubadilisha kikosi kila mechi labda nitapata bahati. Nikate tamaa?

JIBU: Mdogo wangu, usikate tamaa, ila hiyo ya kubadilisha kikosi kila mechi iache leo leo. Najua kwa nini unafanya, presha imekushika na unataka uonekane unafanya kitu, lakini vijana wakiona majina yanabadilika kila Ijumaa wanajua kocha anaogopa, na beki ambaye kila wiki anacheza na mtu mwingine hawezi kujua nani anapanda nani anabaki. Chagua kipa, mabeki wanne na kiungo mmoja wa kukaba, watu sita, uwaache hao hao mechi tatu zinazokuja hata ukipigwa. Mbele ndo ujaribu jaribu.

Halafu nenda kwa mwalimu mkuu kabla hajakuita yeye. Usimuahidi ushindi. Mwambie, mechi tatu tumefungwa magoli kadhaa, mengi yameingia namna hii, nataka mpaka mechi ya sita haya ya namna hii yasiwepo, nakuomba uje mazoezini siku moja utazame. Mwalimu mkuu si mtu wa mpira labda, lakini ni mtu wa mitihani, mtu akimuonyesha mwanafunzi alikosea wapi na amerekebisha nini anaelewa upesi sana. Wazazi watatulia wakiona yeye ametulia.

Yule kocha wa zamani usimuogope na usimseme vibaya mbele ya vijana. Kama bado yuko Mbale mtembelee, muulize nani ana goti bovu, nani anatembea kilomita nyingi kuja shule bila kula asubuhi, nani akifokewa anapotea mechi nzima. Hayo yako kichwani kwake na hakuna pengine utakapoyapata. Wanafunzi wakisikia ulienda kwake wenyewe watanyamaza.

Na mazoezini, kwa vile mmepigwa mara tatu na hamna muda, acha kwanza mambo ya kujenga mpira toka nyuma uliyoyaona kwenye simu. Wiki mbili hizi fanya vitu viwili. Kona na faulo za pembeni, za kwenu na za kwao, dakika 20 kila siku, kila mtu ajue anasimama wapi na anamkaba nani, kwa sababu kwenye ligi za shule magoli mengi sana yanaingia hapo na viwanja vyenyewe mnavijua vilivyo, mpira unadunda hovyo mbele ya goli. Cha pili ni pumzi ya dakika 20 za mwisho, wachezeshe watano kwa watano uwanja mdogo, vipindi vya dakika nne, wapumzike mbili, warudi, na ufanye hivyo mwisho wa mazoezi wakiwa wameshachoka. Koni kama shule haina jaza mchanga kwenye chupa za soda, zinatosha. Mechi ya sita ikiisha niandikie, uniambie magoli yameingiaje.